Umri wa Walinzi wa Kambi ya Mawe

1 Machi 1982

Nimerudi Karatu na masanduku mawili, moja la nguo na jingine la vitabu vya kazi. Mama alifungua hilo la pili akakutana na jedwali la vifo. Akauliza namba zote hizo ni za nini. Nikamweleza kwamba zinaonyesha, katika watu elfu wa umri fulani, wangapi watakufa kabla mwaka haujaisha.

"Na Mungu anajua kwamba unalo?" Akalifunika kwa kanga.

Mama yangu, Marsela, anachuma kahawa katika shamba la Kambi ya Mawe tangu kabla sijazaliwa. Kampuni ya bima ya Arusha iliyoniajiri imenituma shamba hilohilo, masika yote, niwashauri wadhamini wa mfuko wa pensheni. Mwenye shamba wa zamani, kabla hajaondoka, aliacha ahadi: kila mfanyakazi akitimiza miaka hamsini na mitano atalipwa kila mwezi mpaka afe, kwa kadiri ya miaka aliyofanya kazi. Julai shamba linachukuliwa na shirika jipya. Shirika limesema litaiendeleza ahadi iwapo wadhamini watathibitisha kwamba mfuko unaiweza. La sivyo mfuko utavunjwa, kila mtu apewe chake mara moja, na habari ya kila mwezi iishe.

Mchana nililala nikaota ukungu. Nilipoamka ulikuwa umeingia ndani kweli, umesimama kati ya kitanda na mlango kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

3 Machi

Ukungu. Mvua bado.

5 Machi

Kikao cha kwanza, katika stoo ya buni, tumekalia magunia. Wadhamini ni wanne. Mwalimu Josephati, mwenyekiti, alinifundisha darasa la tatu na bado ananitazama kama mtu aliyekuja bila kalamu. Antonia anawasemea wachumaji; sauti yake inavuka bonde. Yohani ni mhasibu wa shamba na anasema kwa niaba ya mwajiri. Anavaa tai hata kwenye tope. Wa nne ni Senteu, Mmaasai wa Engaresero, anayewasemea walinzi watano, yeye akiwemo, wanaozuia tembo na nyati wasishuke kutoka msituni kuja kuvunja mibuni.

Nilianza kama nilivyofundishwa. Nikasema mama yangu ni mwanachama wa mfuko huu, kwa hiyo nina maslahi, na ni haki yao kujua.

"Mwanangu," Antonia akasema, "nani hapa hajui wewe ni wa Marsela? Ulitaka watuletee mshauri asiyezaliwa?"

"Lazima iandikwe."

"Basi iandikwe," Mwalimu akasema. "Hyasinta binti Qamara amezaliwa na Marsela. Kikao kimepokea kwa masikitiko."

Wote walicheka isipokuwa Yohani, aliyekuwa anaandika kweli.

Nikawaambia fedha za mfuko si mali yao wala ya mwajiri. Wafikirie ng'ombe wa yatima walioachwa mikononi mwao.

Senteu akainua fimbo yake kidogo. "Ng'ombe wa yatima, anayewatunza anakunywa maziwa. Hachinji tu. Sisi tunakunywa nini hapa?"

"Chai," nikasema, "kama kuna sukari."

"Sukari hakuna," akasema Antonia.

9 Machi

Sukari hakuna kweli. Mama alipanga foleni dukani tangu asubuhi, akarudi na kiberiti.

14 Machi

Naenda kazini kwa miguu, napita katikati ya mibuni. Ukungu ukiwa mzito naona wale watu elfu wa mwalimu wetu wa chuo. Alipenda kuwachora ubaoni wote wakiwa na umri wa miaka ishirini, kisha anawafuta wachache wachache mpaka ubao unabaki mweusi. Mimi peke yangu darasani nilikuwa nawahurumia. Leo niliwaona wanatembea kati ya mistari ya kahawa, kimya, kila mmoja na kikapu. Mmoja aligeuka. Alikuwa mama.

"Unatembea umelala?" akaniuliza. "Utaanguka kwenye mtaro."

18 Machi

Wale walinzi wengine wanne walikuja stooni wakiwa wamevaa shuka zao nzuri, wakasimama mstari mmoja. Senteu aliondoka kwenye gunia la wadhamini akaenda kusimama nao. Wanataka kustaafu Juni, pamoja, siku moja.

Yohani akasema kwa kumbukumbu za shamba wana haki. Wote wameandikwa mwaka mmoja wa kuzaliwa, na mwaka huu wanatimiza hamsini na mitano. Karani wa zamani aliwauliza umri siku walipoajiriwa, nao wakamjibu, "Sisi ni rika moja." Akawapa mwaka mmoja wote.

Niliwatazama nyuso zao. Moloimet, aliyesimama mwisho, ana ngozi ya mtu mzee kabisa, na macho yenye weupe wa maziwa. Senteu ana meno yote na nywele nyeusi.

"Ninyi wote mmezaliwa mwaka mmoja?" nikauliza.

"Sisi ni rika moja," Senteu akajibu, kana kwamba sikusikia mara ya kwanza.

22 Machi

Nimepiga hesabu mara tatu. Mfuko unaweza kuwabeba wazee wanaostaafu kwa zamu yao. Hauwezi kubeba walinzi watano kwa mkupuo, kama baadhi yao bado ni watu wa kuishi miaka mingi sana. Wakitoka wote Juni, siwezi kutia sahihi yangu kwamba mfuko unaiweza ahadi. Nisipotia sahihi, mfuko unavunjwa.

Mama, mwakani, ingekuwa zamu yake.

27 Machi

Mvua! Imeanza saa nane mchana, bila radi, kama mtu anayemwaga mtama taratibu kwenye ungo. Tumekaa mlangoni mimi na mama tunaiangalia.

2 Aprili

Yohani anataka mfuko uvunjwe. Alisema waziwazi, na wafanyakazi wanampenda kwa hilo, kwa sababu fedha ya mkupuo ni mabati. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilisikia neno hilo: bati, bati. Mama mwenyewe amekwisha kuhesabu shiti ngapi zinatosha paa letu.

"Na paa likikwisha, utakula nini ukiwa na miaka sabini?" nikamwuliza.

"Jedwali lako linasema nitafika?"

Nilikuwa nimeangalia.

7 Aprili

Nimeamua kuwauliza walinzi, mmoja mmoja, kitu cha kwanza wanachokikumbuka katika maisha yao. Asiyejua mwaka wake huenda anakumbuka nzige, au njaa, au ndugu aliyekwenda vitani. Nilitembea na Senteu kwenye mpaka wa msitu. Miti ilikuwa inadondosha maji ingawa mvua ilikuwa imekatika.

Alifikiri mpaka tukafika kwenye kijito.

"Majivu," akasema. "Ule mlima wetu, Mlima wa Mungu, ulitema majivu. Asubuhi ng'ombe wote walikuwa weupe. Nililia sana. Nilidhani ng'ombe wetu wamechukuliwa, tumeletewa wa watu wengine. Mtu akanifunga shuka machoni, akanibeba."

Nilihisi majivu yakitua juu ya mabega yangu, na kwa muda mrefu sikuona mibuni wala msitu, niliona ng'ombe weupe tu.

8 Aprili

Nimemwuliza Moloimet. Alikuwa ameketi kwenye jiwe la lango, Senteu amesimama karibu.

"Takwenya," akanisalimu, kichwa kimeelekea upande wangu wa kushoto.

"Iko," nikaitika.

Nikauliza swali lilelile. Akajibu mara moja. "Majivu. Mama alinifunika kwa ngozi. Nyasi zote zilikufa, tukahama."

Sikutarajia. Kumbukumbu ni moja! Karani wa zamani hakukosea sana basi. Nimerudi nyumbani nimechoka, kama niliyebishana na mtu akanishinda.

11 Aprili, Pasaka

Kanisani, mvua juu ya bati la kanisa. Padri alisema, hatukumsikia.

15 Aprili

Niliwaambia wadhamini ukweli niliokuwa nao: Senteu na Moloimet wanakumbuka majivu ya mlima wakiwa watoto wadogo, siwezi kukanusha kwamba umri wao ni mmoja, na mfuko hauwezi kuwabeba wote Juni. Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo unatushauri tuvunje?"

"Sishauri hivyo. Nasema tu siwezi kutia sahihi."

"Huyu msichana," Antonia akasema, "amesoma mpaka Dar es Salaam ili atuambie hawezi."

Yohani hakushangilia. Nilimtazama nikitegemea kuona furaha yake. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Senteu alisema jambo moja tu. "Ahadi ya watu wote isivunjwe kwa ajili yetu." Lakini hakuondoa ombi. Nilimwona mchoyo. Naandika hapa nilivyomwona, kwa maana ndivyo nilivyolala nikifikiri.

20 Aprili

Tope. Trekta limekwama. Nimelala njaa ya sukari.

24 Aprili

Kahawa imechanua. Ilitokea ghafla, baada ya mvua za wiki tatu na jua la siku chache. Nimefika shambani alfajiri, mlima mzima ni mweupe, na harufu inalewesha kiasi kwamba nilishika mti. Nikafikiri: hivi ndivyo alivyoona Senteu. Vitu vyako vyote vinageuka vya mtu mwingine, na wewe ni mdogo mno kuelewa kwamba ni vilevile.

29 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Jana jioni nyati alishuka kutoka msituni. Walinzi huzunguka wawili wawili, mmoja akibaki langoni. Senteu na Moloimet ni jozi moja siku zote. Senteu alikuwa ametangulia kuziba pengo la uzio, akamwacha mwenzake kwenye njia. Moloimet alisikia kishindo, akageukia upande usio wa nyati. Nyati alimpita kwa kumkwaruza, akamtupa mtaroni. Mbavu zimeumia, mguu umechubuka. Yuko hai kwa sababu mtaro ulikuwa umejaa maji.

Mimi na Antonia ndio tuliokimbia kwanza baada ya kelele. Senteu alikuwa amepiga magoti ndani ya maji ameshika kichwa cha Moloimet, anamwambia maneno ya Kimaasai, yaleyale, tena na tena. Tulipomtoa, Moloimet alinyoosha mkono kutafuta fimbo yake. Ilikuwa mbele yake, juu ya majani, nyekundu. Mkono ukapita juu yake, ukarudi, ukapita tena.

Antonia akanitazama. "Haoni," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Senteu akainama, akaiweka fimbo kwenye kiganja cha mwenzake, kwa wepesi wa mtu aliyezoea.

Ndipo nikaelewa kwa nini wanatembea wawili wawili. Wamekuwa macho yake. Sijui kwa muda gani.

1 Mei

Leo ni sikukuu ya wafanyakazi, hakuna kazi. Nilikwenda kumtazama Moloimet kwenye nyumba za walinzi. Nanyokie, mke wake, alikuwa anamkanda kifua kwa mafuta ya kondoo. Alinipa maziwa, akaniambia nimsemeshe mume wake, maana akinyamaza anafikiri juu ya nyati.

Nikamwuliza kwa nini hakustaafu mapema, na macho yale.

"Nistaafu peke yangu?" Akacheka, mbavu zikamwuma, akaacha. "Nakerai, mwanangu, tulipokuwa vijana hatukuruhusiwa kunywa maziwa peke yetu. Unakwenda na rika lako, au unakaa na kiu. Pensheni nitainywaje mimi, hawa wamesimama?"

Nikainua kibuyu cha maziwa, nikanywa.

"Hasa huyo Senteu," akaendelea. "Huyo nimembeba. Mlima ulipotema mara ya pili. Nikamfunga macho kwa shuka yangu, analia njia nzima kwamba ng'ombe wamebadilishwa."

Kibuyu kilitulia mkononi mwangu.

"Mara ya pili?"

"Mara ya kwanza nilikuwa mdogo. Hiyo ya ngozi. Mara ya pili nilikuwa karibu kutahiriwa. Wewe shule haikukufundisha kwamba mlima unatema zaidi ya mara moja?"

Nilirudi nyumbani kwenye manyunyu bila kujifunika. Rika moja, ndiyo. Lakini rika lao linakaa wazi miaka mingi. Mmoja anaingia mlango unapofunguliwa, mwingine unapokaribia kufungwa, na wakishaingia ni ndugu sawa. Hawakudanganya hata kidogo. Aliyeuliza aliuliza umri, wao wakajibu juu ya ndugu. Nami nikafanya kosa la karani yuleyule, tena na digrii.

4 Mei

Nilimngoja Senteu langoni. Mvua ya asubuhi ilikuwa inafuka kutoka kwenye majani.

"Aliyekufunga macho ni Moloimet," nikamwambia.

Akafungua lango.

"Nilikuambia kuna mtu."

"Lazima wadhamini wajue, Senteu. Wewe ni mdhamini. Afadhali waambiwe na wewe kuliko na mimi."

"Unafikiri nataka pensheni? Mimi nina nguvu. Mwenzetu Sironka ana nguvu, wale wengine wana nguvu. Tunataka yeye atoke kabla hajafa kwenye mtaro. Na hatoki bila sisi. Tumemwambia, tumemwambia. Nikisimama mbele ya watu niseme huyu ni mzee na mimi sivyo, ni kama nimemfukuza kwenye rika."

Nilikuwa nimemwita mchoyo. Kumbe angeacha mshahara wake achukue pensheni ndogo, miaka mingi kabla ya wakati, ili mtu mmoja akubali kukaa chini.

"Kikao ni Jumamosi," nikasema. Sikuwa na kingine.

8 Mei

Mwalimu alipofungua kikao nilimshauri kwamba jambo linamhusu Senteu mwenyewe, kwa hiyo baada ya kusema atoke nje wakati wa kuamua.

"Na mimi ninayestaafu baada ya miaka miwili nitoke?" Antonia akauliza. "Na Mwalimu ambaye shemeji yake ni mpogoleaji wa mibuni? Tutoke wote tuwaachie magunia yaamue?"

"Atoke kwa jambo lake tu," nikasema.

Moloimet alikuwa ameletwa, ameegemea ukuta. Senteu alisimama. Alisema kwa Kiswahili cha taratibu, na nadhani alichagua Kiswahili ili asiweze kusema zaidi ya alichokusudia.

"Rika letu lina mikono miwili. Mkono wa kuume unatahiriwa kwanza. Wa kushoto unakuja baadaye, miaka mingi. Moloimet ni wa kuume. Mimi ni wa kushoto, wa mwisho kabisa. Baada yangu mlango ulifungwa. Wale wa kuume walipotangulia, hatukusema wametuacha. Tulisema wametutangulia, wanatungoja. Sasa nasema hivyo tena. Mkono wa kuume utangulie."

Akageuka kwa Moloimet akasema jambo kwa Kimaasai. Senteu akatoka nje, akasimama chini ya paa, maji yakimdondokea begani.

Kisha Moloimet akauliza kwa sauti, bila kujua yuko mbele ya nani, "Nani hapa ni mtoto wa kuandika?"

"Mimi," nikasema.

"Andika kwamba mimi ni mkono wa kuume."

Yohani akaomba kusema. Nilijikaza kumpinga. Akasema baba yake alilipwa fedha ya mkupuo alipostaafu huko Mbulu. Ilikwisha kabla viatu alivyonunua havijachakaa, na mwishowe alikuwa akiomba chumvi kwa majirani. "Nilitaka kuvunja kwa sababu niliona ahadi ni ya uongo," akasema. "Ahadi ya uongo ni mbaya kuliko mabati. Kama hesabu itasimama, mimi sivunji."

Wakakubaliana: umri wa kila mlinzi uulizwe upya mbele ya wenzake, kwa majivu, kwa nzige na kwa mkono wake wa tohara. Moloimet astaafu mwisho wa Juni. Wengine kila mmoja kwa wakati wake.

15 Mei

Hesabu inasimama. Nimeirudia mpaka mama akachoka kunitazama.

"Imefikaje?" akauliza.

"Utalipwa mpaka ufe."

"Na bati?"

"Bati nitanunua mimi, kidogo kidogo."

"Kumbe umesomea kitu," akasema, akaendelea kupepeta maharage.

28 Mei

Mvua inakonda. Vitunda vya kahawa ni vya kijani, vidogo kama vichwa vya pini.

16 Juni

Watu wa shirika jipya walikuja na gari safi, wakaondoka na gari chafu. Wamesoma maelezo yangu. Mmoja aliuliza "mkono wa kuume" ni nini. Mwalimu Josephati alimweleza kwa muda mrefu sana, kama darasa la tatu, mpaka yule bwana akasema ameelewa. Ahadi inaendelea.

30 Juni

Kipupwe. Ukungu umerudi, mwembamba zaidi, unapitisha jua.

Moloimet alikuja stooni na rika lake lote, shuka nzuri zilezile. Alivaa kofia ya sufu niliyomwachia mkewe Nanyokie ampe. Nilimsomea maneno yote kwa sauti: kiasi cha kila mwezi, tangu Julai, mpaka mwisho wa maisha yake.

"Jedwali lako linasema mwisho huo ni lini?" akauliza.

"Linajua watu elfu," nikasema. "Wewe halikujui."

Akapenda jibu hilo, akalirudia kwa Kimaasai kwa wenzake.

Ikabaki dole gumba. Nilisogeza wino na karatasi, lakini mkono wake ulipita juu ya wino kama ulivyopita juu ya fimbo siku ile. Nilitaka kumshika, kisha nikajizuia. Senteu alisogea nyuma yake, akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili, akauchovya, akaushusha taratibu hadi mahali pake, na akaukandamiza pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ulipoinuliwa, Moloimet alisimama, akaelekeza uso wake mahali alipodhani rika lake lipo. Alikosea kidogo tu, nao wakahama kimya, wote wanne, mpaka wakawa mbele yake.

"Nawangojeni," akasema.